Gari lilitembea bila shafti, shida ikawa kusimama



Somo la leo halihusu picha za bidhaa wala namna ya kuandika tangazo. Linahusu gari. Najua wengi wetu humu tunauza kwa simu: mteja anaona picha, anauliza bei, analipia, tunamalizana. Lakini mzigo wenyewe hausafiri kwa simu. Mahali fulani lazima kuna bodaboda, kuna kenta, kuna basi, au kuna kigari chako kichakavu kinachokupandisha na kukushusha mlima. Siku kikigoma ndipo unajua biashara yako imeegemea wapi.

Mimi nauza mboga na parachichi kutoka Lushoto. Wateja wangu wengi wako Dar es Salaam, wananiagiza WhatsApp kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi mchana, na Ijumaa asubuhi nashusha mzigo Mombo ukapande basi. Kutoka Lushoto mjini mpaka Mombo ni kama kilomita 33, karibu zote ni mteremko wa kona kona. Kwetu ni juu zaidi ya mjini, barabara ya vumbi, mvua ikinyesha unaijua Hilux ni ya nini. Yangu ni dabo kebini ya zamani, 4WD, giaboksi ya kawaida.

Nitawasimulia kilichonitokea, halafu nitawapa somo lenyewe hatua kwa hatua. Kama huna gari pia soma, maana kuna siku utakodi gari la mtu likiwa katika hali hii na mwenye gari asikwambie.

Ilivyoanza

Kwa wiki kama mbili nilikuwa nasikia mlio chini ya gari. Nikiachia klachi, "klak". Nikiondoa mguu kwenye mafuta na kukanyaga tena, "klak". Nikifika spidi ya 60, sakafu inatetemeka mpaka unaisikia kwenye nyayo. Nikajiambia nitaliangalia mwezi ukiisha. Sote tunaijua hiyo sentensi.

Jumatano jioni mlio ukazidi, nikampigia fundi wangu. Akaja nyumbani, akaingia chini, akaishika propela shafti ya nyuma na kuizungusha kwa mkono. Ikacheza. Akaniita nikaone: jointi iliyo karibu na difu, ile yenye umbo la msalaba, ilikuwa imetoa unga mwekundu wa kutu. Grisi ilikuwa imeisha siku nyingi, vyuma vimesagana.

Akaniambia, "Bosi, hii gari usiendeshe hivi. Hii jointi ikikatika ukiwa kwenye mwendo, shafti inadondoka. Inaweza kupiga paipu za breki, inaweza kupiga tangi la mafuta. Na ikidondoka upande wa mbele ikachoma barabara, inaweza kuinyanyua gari."

Spea hakuwa nayo. Ingetoka Tanga na kufika Mombo Ijumaa. Akapendekeza tuitoe shafti yote ya nyuma, gari livutwe na tairi za mbele tu, nilishushe taratibu, tupu, mpaka gereji kwake Lushoto mjini. Kama kilomita sita hivi. Akaitoa, akaifunga bolti zake kwenye mfuko wa nailoni, akaniachia maagizo matatu: nisibebe mzigo, gari likae H4 wakati wote, na nikiegesha niweke jiwe.

Nilimsikia vizuri. Maneno yake nayakumbuka mpaka leo.

Kosa langu

Alhamisi jioni nilikuwa na oda 23 zilizokwishalipiwa. Nikaulizia kenta ya jirani, akataka 70,000. Nikapiga hesabu: faida ya safari nzima ni kama 130,000, nikitoa kenta nabaki na nini? Halafu nikaona gari si linatembea? Na spea yenyewe inakuja Mombo, nitaichukua mwenyewe. Unajua akili ikishataka jambo, sababu haikosi.

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri nikapakia kreti 18 nyuma. Onyo la kwanza nililipata kabla hata sijatoka shambani. Pale kuna kipandio kifupi cha vumbi, Hilux hukipanda bila shida. Siku hiyo tairi za mbele zilizunguka tu, vumbi likaruka, gari halikupanda. Mzigo wote ulikuwa nyuma, ndio uliokandamiza ekseli ya nyuma, na ekseli ya nyuma haikuwa inavuta. Mbele kulikuwa kwepesi. Nikashusha kreti tisa, nikapandisha nusu, nikarudi kuchukua nusu nyingine. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Kushuka kulikwenda vizuri. H4, gia ya pili, injini inazuia. Nikafika Soni nikasimama kando ya barabara kununua chai. Na hapa ndipo mkono ulinishinda. Miaka yote nimefundishwa kwamba ukiwa kwenye lami kavu usikae H4, rudisha H2. Basi nikasimama, mkono ukarudisha H2 wenyewe, nikaweka gia ya kwanza, nikavuta handibreki, nikazima, nikashuka.

Gia ya kwanza katika H2 inashika tairi za nyuma kupitia shafti ya nyuma. Shafti ya nyuma ilikuwa nyumbani, imeegemezwa ukutani. Kwa hiyo gia ilikuwa haijashika kitu chochote. Kilichobaki ni handibreki, na waya wa handibreki yangu umelegea tangu nilipolinunua gari. Sikuwahi kujali kwa sababu siku zote nilitegemea gia.

Gari lilitulia kidogo. Nilikuwa nimeshapiga hatua kama kumi. Nikasikia mtu anapiga kelele, nikageuka, Hilux inaondoka polepole, pua imeelekea chini. Mbele yake kulikuwa na mama anauza ndizi na mtoto wake mdogo amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Yule mama hakukimbia. Alimvuta mtoto mkono mmoja, wakaangukia upande. Gari likapita juu ya ndoo, likaingia mtaroni, likagonga ukingo na kusimama.

Hakuna aliyeumia. Naandika sentensi hiyo nikijua haikutokana na umakini wangu hata kidogo.

Kreti tano zilimwagika. Bampa na taa moja vikaenda. Nilimlipa yule mama ndizi na ndoo, akanitazama tu, hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Hesabu ya siku: kenta ya kumalizia safari 70,000, ileile niliyoikataa jana yake. Mboga zilizoharibika 96,000. Bampa na taa 55,000. Jumla 221,000, kwa sababu ya kukwepa 70,000. Na hiyo ni hesabu ya siku ambayo mtoto alinusurika.

Sasa twende kwenye somo.

1. Shafti ni nini na ya kwako ni ipi

Propela shafti ni lile bomba refu la chuma chini ya gari linalopeleka mzunguko mpaka kwenye difu. Gari la 4WD kama Hilux lina mbili: moja inakwenda difu ya mbele, nyingine difu ya nyuma. Zote zinaanzia kwenye sanduku la gia linaloitwa transfa, lililoungana na giaboksi. Transfa ndiyo inayogawa nguvu.

Ukitoa shafti moja, gari linaweza kutembea kwa ile nyingine. Lakini namna ya kutembea inategemea aina ya gari, na hapa ndipo watu wanaponzana kwa kupeana ushauri wa "mimi yangu nilitoa ikaenda tu."

Aina ya kwanza: 4WD ya kuchagua mwenyewe. Hizi ni Hilux za zamani, Land Cruiser mkonga nyingi, Nissan Patrol, Suzuki Jimny na ndugu zao. Ukiwa H2 inavuta ya nyuma peke yake. Ukiweka H4 transfa inaunganisha na ya mbele.

Ikitolewa shafti ya mbele, wewe baki H2, gari linavutwa na tairi za nyuma kama kawaida yake. Kama lina habu za kuzungusha kwa mkono kwenye tairi za mbele, ziweke huru. Hii ndiyo hali nyepesi kuliko zote. Ulichopoteza ni uwezo wa kujinasua kwenye matope.

Ikitolewa shafti ya nyuma, lazima uwe H4 na habu za mbele ziwe kwenye loki, la sivyo gari halisogei. Na ile kanuni ya kutokaa H4 kwenye lami kavu haina kazi hapa. Kanuni ile ipo kwa sababu kwenye kona tairi za mbele na za nyuma hazizunguki sawa, na zikifungwa pamoja vyuma vinabanana. Shafti ya nyuma isipokuwepo, hakuna cha kubanana nacho. Mimi nilifuata kanuni sahihi kwenye gari ambalo halikuwa tena lilelile.

Aina ya pili: 4WD ya muda wote yenye difu ya katikati. Hapa kuna Land Rover Defender, Discovery za zamani, Land Cruiser 80 na 100 nyingi, na Prado nyingi. Hizi hazina H2. Difu ya katikati inagawa nguvu mbele na nyuma, na kama difu yoyote, nguvu inakimbilia upande usio na kazi. Ukitoa shafti moja ukakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari limesimama. Ili liende lazima ufunge loki ya difu ya katikati. Hakikisha taa ya loki imewaka kwenye dashibodi, na usogee kidogo mahali pa tambarare kuthibitisha kwamba imeshika kweli. Loki ambayo haijatumika miaka mingi inaweza kugoma.

Aina ya tatu: magari madogo ya 4WD yanayojiamulia yenyewe. Mengi tunayoagiza yametumika, RAV4, X-Trail, Subaru na wenzake. Baadhi yana kifaa chenye mafuta mazito kinachounganisha mbele na nyuma, mengine yanaamuliwa na kompyuta. Shafti ikitolewa, upande mmoja unazunguka na mwingine umesimama muda wote, na kwenye baadhi ya magari haya kile kifaa kinachemka mpaka kinakufa. Spea yake si ya bei ya jointi. Kwa gari la namna hii usitoe shafti kwa sababu umesoma mahali, hata kama mahali penyewe ni hapa. Livutwe kwa gari la kubeba, au umpate fundi anayelijua gari hilohilo.

2. Kama unatoa

Kazi yenyewe si kubwa, lakini ina mahali pa kuua mtu. Mara nyingi gari liko kwenye gia na ndiyo inayolizuia lisiondoke. Unapofungua bolti ya mwisho, gia haishiki tena tairi zile, na wewe uko chini.

Kwa hiyo:

- Tafuta tambarare. Kama hakuna, usitoe hapo.
- Mawe mbele na nyuma ya tairi, pande zote mbili, kabla ya kugusa spana. Chomoa ufunguo.
- Piga alama ya rangi kwenye shafti na kwenye flenji inayofungwa nayo, mbele na nyuma. Itarudi ilivyokuwa. Ikirudi imegeuka inaweza kutetemeka tena na utalaumu spea mpya.
- Sehemu inayochomeka na kuteleza katikati ya shafti usiitenganishe. Ikitengana ikarudi vibaya, jointi mbili zitakuwa hazijalingana.
- Toa shafti nzima. Usiache upande mmoja umefungwa na mwingine umening'inizwa kwa waya. Waya unakatika.
- Angalia mahali ilipotoka. Nyingi zimefungwa kwa flenji na hazivuji. Lakini kuna magari ambayo ncha ya shafti inaingia ndani kabisa ya sanduku la gia. Ukiitoa, oili inamwagika, na sanduku likikauka umeua kitu kikubwa kuliko jointi.
- Bolti na nati zote kwenye mfuko mmoja, mfuko ndani ya gari.

3. Unapoendesha

Breki za mguu zinafanya kazi kama kawaida, maana ziko kwenye tairi, hazipiti kwenye shafti. Kinachobadilika ni mengine.

Mwendo uwe wa taratibu. Nguvu yote ambayo ingegawanywa sasa inapita kwenye ekseli moja. Kama ni ya mbele, jointi za mbele zinavuta na kukata kona kwa wakati mmoja, kwa hiyo usikanyage mafuta mengi ukiwa umekata usukani mpaka mwisho. L4 iache kabisa. Gia ile inazidisha nguvu, na difu moja ikibebeshwa yote inaweza kuvunja meno.

Kwenye mteremko shuka na gia tangu juu. Injini inazuia gari kupitia shafti iliyobaki. Lever ya H4 ikiruka, au loki ya katikati ikiachia, unapoteza kuvuta na kuzuia kwa pamoja, unabaki na breki za mguu tu. Kwenye kona za Soni breki za mguu peke yake zinachemka haraka. Kama lever yako ina tabia ya kuruka, mteremko mrefu si wako mpaka itengenezwe.

Na weka kikomo kabla ya kuwasha gari: natoka hapa nakwenda pale, kilomita fulani, basi. Ya muda ina tabia ya kuhamia. Nimeshaona gari limekaa bila shafti mpaka msimu mzima ukaisha, kwa sababu "si inaenda."

4. Unapoegesha

Hapa ndipo naomba usome mara mbili.

Gari la giaboksi ya kawaida tunalizuia kwa gia. La otomatiki tunaliweka P. Vyote viwili vinashika kupitia shafti. Shafti ikitolewa, gia au P inashika tu kama shafti iliyobaki imeunganishwa: H4 kwa aina ya kwanza, habu zikiwa loki, na loki ya katikati kwa aina ya pili. Bila hivyo, gari liko huru hata kama kijiti kinaonyesha gia ya kwanza, hata kama kinaonyesha P.

Handibreki nayo iangalie inashika wapi. Kwenye Hilux na magari mengi inashika tairi za nyuma moja kwa moja, shafti haiihusu. Lakini Land Rover Defender na Suzuki ndogo za zamani zina breki ya mkono nyuma ya transfa, inayoshika shafti badala ya tairi. Ukitoa shafti ya nyuma ukavuta breki hiyo gia ikiwa huru na transfa haijaunganishwa na mbele, haizuii tairi hata moja. Unasikia imekaza, kumbe imekaza hewa.

Kwa hiyo, kila unaposhuka, hata kwa dakika moja ya kununua chai: H4 au loki, gia, handibreki, usukani ukatwe kuelekea ukingo, na jiwe chini ya tairi. Jiwe litembee na wewe ndani ya gari, usitegemee kuliokota. Baada ya Soni nilikata kipande cha plasta nikaandika H4 TU, nikakibandika juu ya lever. Kichwa kinasahau, mkono unafuata mazoea, lakini plasta mkono unaigusa.

5. Mzigo na wateja

Sasa turudi kwenye biashara yetu.

Kutoa shafti ni kwa ajili ya kulifikisha gari gereji. Kupeleka oda ni kazi nyingine, na gari hilo halina uwezo nayo tena. Mzigo wetu unakaa nyuma, na kama shafti iliyotolewa ni ya nyuma, kila kilo unayopakia inaongeza uzito mahali pasipovuta. Utakwama kipandioni, au utakuwa na uzito zaidi wa kuzuia mteremkoni kwa gari lenye vizuizi vichache.

"Lakini wateja wameshalipa." Ndiyo. Hilo ndilo lililonisukuma mimi. Basi nikwambie kilichotokea nilipowaambia ukweli, tena nikiwa nimechelewa, nimekaa ukingo wa mtaro. Niliwaandikia hivi:

"Habari. Gari letu limeharibika njiani, mzigo wako utachelewa kufika mpaka kesho asubuhi. Baadhi ya mboga zimeharibika. Ukitaka hela yako nakurudishia leo. Ukivumilia nakupelekea ulichoagiza, na kilichopungua narudisha tofauti. Samahani kwa usumbufu."

Katika 23, waliotaka hela ni watatu. Mmoja wao ameshaagiza tena tangu hapo. Wengine wote wakasema sawa, pole, tunasubiri. Kumbe ujumbe huo ningeweza kuutuma Alhamisi jioni nikiwa nyumbani, kreti zote 18 zikiwa salama. Mimi ndiye niliyeamua kwa niaba yao kwamba hawatavumilia siku moja, bila kumuuliza hata mmoja.

Kwa hiyo gari likipata shida kabla ya siku ya mzigo, fanya kwa mpangilio huu: toa taarifa kwanza, tafuta usafiri wa kukodi pili, gawanya mzigo tatu, peleka vinavyooza haraka na vingine visubiri. Kama gharama ya kukodi inakula faida ya wiki, iache iile. Wiki moja bila faida biashara inaivumilia.

Na kwa unayekodi gari la mtu: uliza kabla ya kupakia. "Shafti zote zipo? Handibreki inashika?" Dereva mzuri hatakasirika. Akicheka akasema "usijali, inaenda tu", kumbuka Hilux yangu nayo ilikuwa inaenda tu.

6. Usifike huko

Jointi ile ilikufa kwa kukosa grisi. Shafti nyingi za magari ya kazi zina sehemu za kuingizia grisi, na fundi akiwa na pampu yake ni kazi ya dakika chache. Kila ukibadilisha oili, mwambie apitie na shafti. Ukivuka maji mengi au matope, usingoje oili.

Dalili ni hizi: mlio wa "klak" unapoondoka au unapobadilisha gia, mtetemo unaokuja kwa spidi fulani, unga wa kutu kwenye jointi, na shafti kucheza ukiizungusha kwa mkono gari likiwa limewekewa mawe. Ukiona moja tu, nenda gereji wiki hiyohiyo. Mimi sasa kila safari naweka 5,000 pembeni, siichanganyi na mtaji. Imeshalipia waya mpya wa handibreki, kitu ambacho nilipaswa kukinunua siku ya kwanza.

Kazi ya leo kwa wenye magari: tafuta mteremko mdogo usio na mtu wala kitu mbele, mguu ukiwa kwenye breki weka gia huru, vuta handibreki, halafu achia mguu polepole, uwe tayari kukanyaga tena. Likisogea, usipakie mzigo mwingine mpaka utengeneze.

Yule mama bado anauza ndizi palepale Soni. Kila Ijumaa nikishuka nasimama nanunua kwake, na kila nikisimama, kabla sijafungua mlango, ananitazama mpaka nishushe jiwe.

Mtumie somo hili mwenzako anayebeba mzigo milimani. Safari njema na mauzo mema.